Mazutu inayopotea njiani: namna ya kuendesha na kutunza gari ya koperative



Safari hii hatutasema juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kinachokula faida yenu kisha mavuno, wakati mifuko imekwisha kufungwa, kupimwa na kupakiwa. Kitu hicho ni mazutu ya kamioni na esanse ya moto.

Bei yake si ninyi mnaipanga. Mazutu tunayonunua huku mashariki inashuka melini Mombasa ao Dar es Salaam, inavuka inchi za jirani katika kamioni za tanki mbele ya kufika kwetu, na bei ya stasio inawekwa na serikali kule Kinshasa. Mkulima wa Sange ao wa Luvungi hawezi kupunguza hata franka moja pale. Lakini litre ngapi zinaungua kati ya depo yenu na soko, hiyo iko mikononi mwenu. Zaidi iko chini ya mguu wa kuume wa shofere, na kwa mfundi anayetazama gari mbele haijaharibika.

Kosa letu sisi wenyewe

Tuanze na habari moja ambayo si ya kutusifu. Koperative moja ya bonde la Ruzizi (hatutaji jina, wenyewe wamekubali tuisimulie) iko na Fuso ya tani 4, ya zamani kidogo, iliyonunuliwa kwa michango ya wamemba. Kila juma inapanda Bukavu mara mbili na mchele na mahindi. Kwenda na kurudi ni kilometa 180 kwa konta yao. Miaka yote safari ile ilikuwa inaomba litre 42 ao 43. Kisha, pole pole, ikafika 46, ikafika 50, na mwisho 54. Siku ingine gari iliishiwa mazutu Nyangezi, mangaribi, na mifuko yote juu.

Mnajua kile watu walisema. "Shofere anauza mazutu yetu njiani." Tusidanganyane, jambo hilo linafanyika, na wengi wenu mumeliona. Komite ikatuita. Na sisi, bila kutazama gari hata mara moja, tukatoa shauri: wekeni kufuli kwenye tanki, na memba mmoja wa komite apande na gari kila safari. Wakafanya vile. Kufuli ikawekwa, memba akapanda, na gari ikaendelea kukunywa litre 54. Basi watu wakasema hata yule memba amekwisha kulishwa na shofere. Mushahara wa shofere ukashikwa mwezi muzima. Baba wa watoto watano, tena wakati wa kulipa masomo.

Aliyetoa shida ni muzee mmoja, fundi wa garaji, aliyekuja kwa kazi ingine. Aliwasikiliza wakigombana, akaomba kitu kimoja: gari ipelekwe kwenye fasi iliyo sawa, iende pole, kisha shofere atoe vitesi na kuiacha iende yenyewe. Gari nzuri ingeendelea kutembea kipande kirefu. Ile ilisimama karibu palepale. "Gari hii inavuta freni," muzee akasema. Wakainua magurudumu ya nyuma na kriki. La kushoto watu wawili walishindwa kulizungusha kwa mikono. Freni ilikuwa imeshika na haikuachilia tena, na moteri ilikuwa inaburuza gurudumu lile mpaka Bukavu na kurudi. Juu ya hiyo, mipira minne kati ya sita ilikuwa na upepo kidogo, na filtri ya hewa ilikuwa imejaa vumbi ya kiangazi sawa vile mufuko wa unga.

Freni ikatengenezwa, mipira ikapigwa upepo, filtri ikabadilishwa. Safari iliyofuata: litre 44. Ile ya kisha: 42.

Hesabu mwenyewe. Litre 12 kwa kila safari, safari mbili kwa juma, zinafanya litre 24. Kwa majuma mane ni litre 96, karibu nusu ya pipa kubwa ya litre 200, kila mwezi. Mbele ya mkutano wa wamemba, prezida wa koperative alisimama akaomba shofere msamaha, na mushahara wake ukalipwa wote. Na sisi pia tulisimama. Tangu siku ile, koperative ikituambia "mazutu inaisha mbio", tunaanza kwa kutazama magurudumu, na mtu tunamuuliza kisha.

Daftari

Koperative ile ilikuwa na bahati moja: walikuwa wanaandika. Bila yale makaratasi ya zamani hakuna mtu angejua kama 42 ilikuwa ya kawaida ao 54. Koperative nyingi tunazotembelea zinajua feza waliyotoa kwa mazutu, lakini hazijui litre ngapi kwa kilometa ngapi. Feza haionyeshi kitu, maana bei inapanda na kushuka.

Namna ya kupima ni hii. Jaza tanki mpaka juu kabisa, andika namba ya konta. Fanya safari. Ukirudi, jaza tena mpaka juu, kwenye stasio ileile kama inawezekana, na gari ikisimama fasi ileile, juu gari iliyoinama inadanganya. Litre ulizotia mara ya pili njo zile ulizotumia. Mfano: konta ilikuwa 84 310, sasa ni 84 490. Ni kilometa 180. Umetia litre 45. Gawanya 45 kwa 180, zidisha mara 100: litre 25 kwa kilometa 100. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kulinganisha, safari kwa safari.

Konta ikiwa imekufa, na tunajua ziko nyingi zilizokufa, usiache kuandika. Tumia safari ya kila siku kama kipimo: kutoka depo mpaka soko lilelile, litre ngapi. Andika na uzito uliopakia, na kama mvua ilinyesha. Safari moja mbaya haisemi kitu. Gari iliyopita kwenye matope na tani 4 haiwezi kukunywa sawa na ile iliyopita kwenye barabara kavu na tani 2. Tazama safari tano, sita. Ukiona namba inapanda juma kwa juma na mzigo ni uleule, gari iko na ugonjwa.

Shofere ndiye aandike, na mtunza-feza atie sahihi. Ikiwa daftari inashikwa na komite peke yake, shofere ataiona kama polisi, na hutapata ukweli wa njiani.

Mguu wa shofere

Kuna mashofere wawili wanaoweza kupita njia moja, na gari moja, mzigo mmoja, na mmoja akatumia litre sita ao saba zaidi ya mwenzake. Wote wawili wanafika saa karibu ileile. Tofauti ni nini?

Wa kwanza anawasha gari asubui na kuiacha inazunguka nusu saa "ili ipate moto". Moteri haihitaji vile. Dakika moja ao mbili zinatosha mafuta yapande mahali pote. Kisha uende pole pole kilometa za kwanza, maana moteri inapata moto vizuri zaidi ikitembea. Ikiwa gari yako iko na freni za upepo, ngoja tu mpaka saa ya upepo ifike kwenye alama yake, kisha toka.

Tena kuna ralanti ya njiani. Kwenye barieri, kwenye soko, wakati konvwayeri anatafuta wapakizi, moteri inaendelea kuzunguka. Moteri ya kamioni kama Fuso inakunywa karibu litre moja kwa saa ikiwa imesimama tu, na kamioni kubwa inaweza kupita litre mbili. Kila siku ya soko hesabu ni masaa mangapi. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja ao mbili, zima. Tunajua kwa nini wengi hawazimi: batri imechoka, wanaogopa gari haitawaka tena na itaomba kusukumwa mbele ya watu wote. Basi shida ni batri. Batri moja mupya italipwa na mazutu ya ralanti, na aibu ya kusukuma itaisha.

Kisha vitesi. Moteri ya mazutu iko na nguvu chini, haiitaji kulia. Badilisha vitesi mapema, mbele ya moteri kupiga kelele. Kama gari iko na saa ya mizunguko, kati ya 1 500 na 2 000 inatosha kwa kazi nyingi. Lakini usiende mpaka moteri itetemeke na kugonga. Hapo umeshuka kupita, na unaiumiza.

Kitu kinachokula zaidi ya vyote ni kukanyaga mazutu na kisha kukanyaga freni. Kila mara unapokanyaga freni, unatupa ile mazutu iliyokupeleka mbio. Ilikwisha kulipwa, sasa inageuka kuwa moto kwenye magurudumu. Shofere mzuri anaangalia mbali. Ameona shimo, ameona mbuzi, ameona barieri: anaondoa mguu mapema, gari inapunguza mwendo yenyewe, na anapita bila kusimama kabisa. Konvwayeri wa koperative moja alituambia, akicheka, kwamba shofere wake "anaendesha kama mama anayebeba mayai". Gari yake ndiyo inakunywa kidogo kuliko zote tulizopima.

Na mwendo wa mbio. Kwenye bonde, pale barabara inapokuwa sawa kati ya Uvira na Kamanyola, mashofere wanapenda kufungulia. Hewa inasukuma gari kwa nguvu, na nguvu hiyo haipandi sawa na mwendo: ukitoka 60 mpaka 90 kwa saa, hewa inakusukuma mara mbili na zaidi. Kamioni iliyobeba juu sana, na bashi inayopigapiga kwa upepo, inazidisha hiyo. Funga bashi vizuri. Na mara nyingi yule aliyekupita kwa mbio utamukuta kwenye barieri anangoja.

Kupanda na kuteremka Ngomo

Hapa tunataka kukaa kidogo, juu kuna jambo ambalo mashofere wengi wanaliamini na linaua watu.

Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya bahari. Ziwa Kivu liko mita 1 460. Kila mufuko unaotoka bondeni kwenda Bukavu lazima uinuliwe karibu mita 700, na zaidi, maana njia inapanda na kushuka na kupanda tena. Kuinua tani moja kwa mita 700 kunaomba zaidi ya nusu litre ya mazutu, kwa kuinua tu, bila kuhesabu barabara. Ndiyo sababu kila kilo isiyo na kazi ni hasara: mpira wa zamani unaolala nyuma tangu mwaka jana, mawe ya kuzuia magurudumu kumi wakati mawili yanatosha, bidoni za maji za watu wa njiani. Na ndiyo sababu mchele upigwe kwanza bondeni kuliko kupandisha mpunga na maganda yake, kama soko linakubali.

Wakati wa kupanda, chagua vitesi mbele ya mupando kuanza. Shofere anayengoja mpaka gari inakufa katikati, kisha anatafuta vitesi kwa haraka, anapoteza mwendo wote na anaanza upya kwa nguvu. Akishindwa, gari inarudi nyuma. Hatuhitaji kueleza zaidi kwa watu wanaojua Ngomo.

Sasa kuteremka. Mashofere wengi wanatoa vitesi na kuacha gari iteremke yenyewe. Wengine wanazima hata moteri. Wanasema wanachunga mazutu. Tuliwauliza saba, watano walituambia wanafanya vile. Lakini tazama namna moteri inafanya kazi. Gari ya mazutu ikiteremka na vitesi ndani, na mguu wako umeondoka kwenye akselerata, pompi ya enjeksio inafunga. Haitumi mazutu. Ni magurudumu yanayozungusha moteri, si moteri inayozungusha magurudumu. Ukitoa vitesi, moteri haina tena kitu cha kuizungusha, na lazima ikunywe mazutu ili isizimike. Kwa hiyo anayetoa vitesi ndiye anayetumia zaidi, na anayeacha vitesi ndani hatumii karibu kitu. Hesabu ya wengi imegeuka juu chini.

Na yule anayezima moteri kabisa? Kweli, mazutu haitoki. Lakini tuseme anateremka dakika ishirini: kwa ralanti angetumia theluthi moja ya litre. Kwa vitesi ndani angetumia karibu sifuri pia. Basi hajapata kitu, na ametoa nini? Moteri ikizimika, nguvu inayosaidia freni inapotea, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Hata kama moteri inawaka, gari isiyo na vitesi inashikiliwa na freni peke yake. Freni zinapata moto, mafuta ya freni yanachemka, na pale unakanyaga na mguu unaenda mpaka chini bila kitu kushika. Shofere mmoja wa zamani alituambia: "Mimi naweka ya pili, naacha mguu. Moteri njo inanishikilia. Freni naiweka akiba."

Kipimo cha mashofere wazee ni hiki: teremka na vitesi ileile ambayo ungepanda nayo, ao ya chini yake. Ichague ukiwa bado juu. Ukikwisha kuchelewa na gari inakimbia, kamioni ya zamani haikubali tena kuingiza vitesi ya chini.

Tunaomba komite ziache kusifu shofere anayerudi na mazutu mingi bila kuuliza ameiacha namna gani.

Mikono ya kila asubui

Matunzo mengi hayaombi fundi. Yanaomba dakika kumi mbele ya kutoka.

Mipira. Kupiga mpira teke hakuonyeshi kitu. Nunueni manometa moja ya koperative, bei yake ni ndogo, na ikae ndani ya gari, si nyumbani kwa prezida. Pima asubui, mpira ukiwa baridi, maana ukitembea upepo unapata moto na namba inapanda. Usitoe upepo kwenye mpira wa moto. Namba ya kufuata iko kwenye mlango wa shofere ao katika kitabu cha gari. Ile iliyoandikwa kwenye mpira wenyewe ni mwisho ambao mpira unaweza kubeba. Kwa magurudumu ya nyuma yaliyo mawili mawili, ule wa ndani unasahauliwa kila mara, kwa sababu kwado mwenyewe anachoka kuingiza mkono. Ukiwa na upepo kidogo, mwenzake anabeba mzigo wote, anapata moto, anapasuka. Mpira laini unavuta gari nyuma kila kilometa. Lakini mpira uliojazwa kupita unarukaruka na haushiki barabara, basi usifikiri zaidi ni bora.

Freni zinazovuta. Mnajua sasa namna ya kujaribu: fasi sawa, toa vitesi, gari iende yenyewe. Namna ingine: kisha safari ya barabara sawa, karibisha mkono kwenye kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na moto mwingi kuliko mengine, hapo kuna neno. Freni hatushauri mtu kuitengeneza mwenyewe, peleka kwa fundi.

Filtri ya hewa. Kutoka mwezi wa sita mpaka wa tisa vumbi ya bonde inaingia kila fasi. Itazame kila juma wakati huo. Ukiisafisha na upepo wa kompresa, piga kutoka ndani kwenda inje, na nguvu kidogo. Wengine wanaipiga kwenye jiwe. Karatasi inapasuka, vumbi inaingia moja kwa moja katika moteri, na utalipa moteri. Gari inayotoa moshi mweusi wakati wa kupanda inakuambia hewa ni kidogo ao mazutu ni mingi kupita. Moshi ule ni mazutu yako ambayo haikuungua vizuri. Moshi wa bluu ni habari ingine: moteri inakula mafuta yake yenyewe.

Filtri ya mazutu na maji. Chini ya filtri nyingi kuna kifungo cha kutoa maji. Kifungue kila juma, acha maji yatoke mpaka uone mazutu safi. Mazutu ya bidoni iache itulie usiku muzima mbele ya kuitia, na usitie ile ya chini kabisa.

Vidanji ifanyike kwa kilometa zilizoandikwa, na namba ya mafuta iliyo kitabuni. Tusiseme zaidi, hili kila mtu analijua na wengi hawalifanyi.

Wenye moto

Memba wengi hawana kamioni, wanabeba mihogo na makaa kwa moto, ao wanalipa motari. Mengi tuliyosema yanawahusu pia, lakini kuna ya kwao.

Sheni ndiyo ya kwanza. Ikiwa kavu na imejaa matope, nguvu inapotelea pale. Isafishe, itie mafuta, na iache icheze kidogo, sentimeta mbili mpaka tatu katikati. Iliyokazwa sana inakula nguvu na inaharibu meno. Ya pili ni starta ya asubui: wengi wanaivuta ili moto iwake, kisha wanaisahau mpaka saa sita, na moto inakunywa esanse kama maji. Ya tatu ni bujii. Itoe, itazame: rangi ya kahawa kavu ni nzuri, nyeusi yenye masizi inaonyesha esanse ni nyingi ao hewa ni kidogo. Filtri ya sifongo isafishwe na sabuni, ikauke vizuri, itiwe mafuta kidogo sana ya moteri, ikamuliwe.

Na kununua kwa kadafi. Hatuwezi kuwaambia msinunue, kwa fasi nyingi stasio haiko. Lakini mimina kwanza katika chupa inayoonekana ndani, ingoje kidogo: maji yanashuka chini. Kama unaogopa wamechanganya na petroli ya taa, tia tone moja kwenye karatasi safi, mbali na moto. Esanse nzuri inakauka upesi na haiachi alama. Petroli inaacha doa la mafuta kwa muda. Na yule kijana anayevuta esanse kwa mdomo na mpira, mwambieni anunue pompi ndogo ya mkono. Tone moja likiingia katika mapafu linaweza kumpeleka hospitali.

Mazutu iliyobaki ni ya nani?

Wamemba wametuuliza kama shofere anayechunga mazutu apewe kitu. Sisi tunasema ndiyo. Koperative ile ya Fuso inampa shofere na konvwayeri sehemu ya feza iliyobaki kila mwisho wa mwezi, kwa kulinganisha na litre 43 kwa safari. Lakini waliongeza mambo mawili ambayo tunayaona ya maana: daraja haibadilishwi katikati ya mwezi ili kumunyima mtu, na anayeonekana kuteremka bila vitesi hapati kitu mwezi ule, hata kama daftari yake ni nzuri. Memba ye yote aliyekuwa juu ya mifuko anaweza kumushitaki.

Kwa mkutano wenu ujao, msisome tu makala hii. Iteni shofere na konvwayeri, pelekeni gari fasi sawa, toeni vitesi na mwone inatembea hatua ngapi. Andikeni hatua hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na tarehe. Mjaribu tena kisha miezi mitatu, fasi ileile, gari ikiwa tupu kama mara ya kwanza. Mkiona imepunguza hatua, inueni magurudumu mbele ya kuita mtu mwizi.